Ndoo Isiyotiwa Dawa

29 Novemba

Mvua ya kwanza imenyesha leo Mzuzu, na katikati ya mvua hiyo Mjomba Chawanangwa akafika kutoka Nkhata Bay na tangi la kioo lililofungwa blanketi. Samaki saba walikuwa ndani ya mifuko ya plastiki iliyojaa hewa. Ni mbuna, wale samaki wadogo wa rangi wanaoishi kwenye mawe ya ziwa. Mjomba huwazamia na kuwauza kwa wageni wa ng'ambo. Hawa saba wageni wamewakataa, mmoja kwa sababu ya pezi lililochanika, wengine kwa udogo.

Mama alisimama mlangoni na mkasi wake wa kushonea. "Kaka, nilikuomba samaki wa kukausha. Umeniletea wa kutazama?"

"Hawa ukiwakausha utatafuna miiba, dada."

Agogo, bibi yangu aliyewazaa Mama na Mjomba, alikuwa amekaa kwenye mkeka wake. Tangu mguu wake uanze kumsumbua tumemtoa ziwani na kumleta hapa, naye hakupenda. Akasema, "Kwetu hao watoto huwavua kwa mchezo. Leo wamejengewa nyumba ya kioo, mimi nimetupwa kwenye ya matofali."

Nilidhani ni zawadi tu. Kumbe wakubwa walikuwa wamezungumza. Mama ameshapatana na dada yake wa Lilongwe kwamba niende nikauze kwenye duka lake la vifaa vya ujenzi. "Towera amemaliza shule na bado hawezi kumsalimia mgeni," alisema, kana kwamba sipo. "Dukani ataongea, atake asitake."

"Mimi nahitaji mtu wa kuangalia matangi yangu," Mjomba akasema. "Vijana wangu wanaongea mno, samaki wanakufa. Niachie nimjaribu. Pasaka ikikuta samaki hawa wanaishi, anakuja kwangu. Wakiisha, aende akapime misumari."

Mama alinitazama. Nilitaka kusema nataka kwenda ziwani kuliko kitu chochote. Nikatazama miguu yangu.

30 Novemba

Wamejificha nyuma ya mawe, hawali. Nami ningekuwa wao ningejificha.

1 Desemba

Kabla ya kuondoka Mjomba alinifundisha. Maji mapya hayawezi kujisafisha, alisema. Mavi ya samaki yanatoa sumu inayoitwa amonia. Kuna bakteria wazuri wa kuila sumu hiyo, lakini wanazaliwa polepole, kwenye mawe na kwenye ile sponji inayopitishiwa maji na pampu ya hewa. Mpaka wawe wengi, mimi ndiye nifanye kazi yao: chakula kidogo, na kila baada ya siku chache nitoe robo ya maji na kutia mengine. Maji ya bomba yalale kwanza ndooni mchana kutwa, bila kifuniko, klorini iondoke. Ameniachia karatasi za kupimia. Ikibaki njano ni salama. Ikienda kijani ni hatari.

Nimechukua ndoo ya bluu iwe ya samaki. Inakaa barazani.

4 Desemba

Wametoka! Yule wa bluu mwenye mistari myeusi anawafukuza wenzake hata wakienda zao. Agogo amemwita Chifu. "Hana kazi, kwa hiyo anatoza kodi."

9 Desemba

Leo nimeona sponji imejaa tope. Mama hapendi uchafu, nami nilitaka aone kuwa nalitunza tangi. Nikaiosha kwa sabuni ya unga, nikaisuuza mara nyingi bombani hadi ikawa kama mpya. Mama akasema, "Hapo sasa." Nimefurahi siku nzima.

11 Desemba

Maji yamekuwa kama maji ya kuoshea mchele. Karatasi imekuwa kijani kibichi kabisa. Samaki wako juu, midomo nje, wanapumua haraka, mapezi wameyabana mwilini kama mtu aliyejikunja kwenye kitenge wakati wa baridi. Yule mdogo kuliko wote amekufa.

Nilimpigia Mjomba. Kwenye simu siwezi kusema vizuri, lakini nilimwambia habari ya sponji. 

"Towera, ule haukuwa uchafu. Walikuwa ni wafanyakazi wangu. Nilikupa sponji ya tangi langu la zamani ili wakusaidie. Umewafukuza wote kwa sabuni."

Nimetoa robo ya maji, nikatia mengine. Nimemzika samaki kwenye matuta ya mahindi. Mama akasema tu, "Mmoja."

12 Desemba

Robo ya maji. Kijani.

13 Desemba

Robo ya maji. Kijani. Mvua.

15 Desemba

Nimegundua jambo. Nilikuwa nikiinua jiwe la nyuma nikakuta bonge jeupe, laini, lina ukungu kama pamba. Nikalinusa. Kondowole! Ule ugali wa muhogo ambao Agogo hawezi kulala bila kuula.

Nikakaa kimya sebuleni baada ya chakula cha mchana, nikijifanya nasoma. Agogo akajivuta mpaka kwenye tangi, akatazama huku na huku, akachomoa tonge kwenye kona ya kitenge chake.

"Kuleni, wana wa kwetu," aliwanong'oneza. "Huyu mtoto anawapa vumbi. Nyumbani kwa mwanangu hakuna anayelala akiwa ametazama wengine wakila."

Nilitakiwa kusimama na kusema. Badala yake niligeuza ukurasa. Ni Agogo. Nitamwambiaje mtu aliyenilea kwamba mkono wake wa ukarimu unaua?

16 Desemba

Nimelifunika tangi kwa kadibodi. Agogo ameiondoa. "Wanakosa hewa," amesema.

17 Desemba

Amekufa yule wa pezi lililochanika. Wamebaki watano. Mama hakusema hata "wawili". Alimpigia dada yake wa Lilongwe, nikamsikia akiuliza sare ya duka ni rangi gani.

18 Desemba

Leo nilipiga magoti mbele ya Agogo kama mtu anayetoa salamu. 

"Agogo, naomba kusema. Kondowole inaoza majini. Ikioza inakuwa sumu."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyewaua?"

"Hapana, Agogo," nikasema upesi. Huo ulikuwa uongo na wote wawili tuliujua. Alivuta kitenge chake na kutazama ukutani.

Kisha nikapata wazo. Nikamwomba yeye ndiye awe anawalisha, asubuhi tu, kifuniko kimoja cha chupa ya soda, basi. Alikipokea kile kifuniko akakigeuza geuza. "Wageni watasema nimekuwa mchoyo uzeeni." Lakini hakukirudisha.

25 Desemba

Krismasi. Wali na kuku. Baba amepiga simu kutoka Afrika Kusini, anauliza samaki ni wa kuuza au wa kula. Agogo hakuwapa kitu cha ziada, ila alinitazama mimi kama askari jela.

2 Januari

Mawe yameanza kuota utando wa kijani. Samaki wanauguguna... hapana, sijui neno lake. Wanaukwangua kwa meno, kutwa nzima. Kijani kwenye mawe ni kizuri. Kijani kwenye karatasi ndicho kibaya.

5 Januari

Karatasi: njano yenye kijani kidogo sana.

9 Januari

Njano! Njano kama mahindi.

13 Januari

Umeme ulikatika tukiwa mezani mchana. Pampu ikanyamaza. Nikaacha chakula, nikachukua kikombe, nikawa nachota maji na kuyamimina kutoka juu ili yapate hewa. Nikachota, nikamimina. Nsima yangu, ugali wetu wa mahindi, ikaganda.

Mama alinitazama muda mrefu. Nilidhani atasema njoo ule, acha upuuzi. Alinawa mkono, akaja, akasema, "Nipe kikombe. Kula." Akamimina mpaka nikamaliza. Alikuwa akimimina kwa mkono wa mshonaji, bila kumwaga hata tone nje.

"Huyu wa njano ananitazama," alisema.

"Anakutazama kweli, Mama."

Sikumbuki mara ya mwisho kuzungumza naye kuhusu jambo ambalo si kosa langu.

22 Januari

Kipindupindu kimeingia upande wa sokoni. NyaMsiska, mhudumu wa afya wa kujitolea wa mtaa wetu, amepita kila nyumba na fulana yake ya rangi ya chungwa, akigawa vichupa vya dawa ya maji. Ni klorini kali. Kifuniko kimoja kwa ndoo moja. Agogo amekichukua kichupa chetu kama mtu aliyepewa cheo.

3 Februari

Yule wa njano hali. Taya lake limevimba. Anakaa pembeni peke yake. Agogo anasema, "Huyo ni mama mkwe. Hawezi kula nyumbani kwa watu." Jina limebaki hilo, Mama Mkwe. Lakini mimi ninaogopa. Kutokula, kujitenga, ndizo dalili za mwanzo za wale waliokufa.

Karatasi ni njano. Maji ni safi. Sijui nimekosea wapi.

5 Februari

Nimekaa naye karibu na kioo asubuhi yote. Hana mapezi yaliyobanwa. Hapumui haraka. Kila baada ya muda anafungua mdomo kidogo na kuzungusha kitu ndani, kama mtu anayekula pipi kwa siri. Nikaona. Mayai! Anayo mayai mdomoni.

Mjomba alipiga kelele kwenye simu. "Mbuna mwenye hofu hazai, Towera! Unaelewa? Maana yake wametulia! Mwache hivyo hivyo. Hatakula wiki kadhaa, mpaka watoto waweze kuogelea. Usimshtue, akishtuka sana anaweza kuwatema au kuwameza."

Nilimwambia Agogo. Akasema, "Mnaona? Mama mkwe kweli. Anakaa kimya, kumbe kajaza mdomo."

14 Februari

Nitaandika yote, hata kama mkono unauma.

Asubuhi nilikwenda kusaga mahindi. Maji ya bomba yalikuwa yamekatika tangu jana, lakini ndoo ya bluu ilikuwa imejaa barazani, imeshalala vya kutosha. Niliporudi nikatoa robo ya maji ya tangi, nikatia ya ndoo. Nina mafua, pua imeziba. Ingekuwa siku nyingine ningesikia harufu.

Kwanza Chifu alijirusha akagonga kioo. Kisha wote wakaanza kukimbia ovyo, wakijikwaruza kwenye mawe, kisha wakapanda juu, mashavu yakifunguka na kujifunga. Mama Mkwe aliegemea kona, mdomo ameubana kwa nguvu.

"Agogo! Kuna mtu amegusa ndoo ya bluu?"

Alitabasamu. "Nimetia dawa. Vifuniko viwili, maana inakaa wazi na nzi wanatua. NyaMsiska alisema tusiache hata chombo kimoja."

"Na pipa la maji ya mvua?"

"Hilo nimelitia kabla."

 Nilinyakua ndoo ya pili jikoni nikakimbilia kisima cha pampu kilicho chini ya kanisa.

Foleni ilikuwa ndefu, bomba likikatika mtaa wote hukutana pale. NyaMsiska alikuwa amekaa juu ya jiwe karibu na pampu, chupa mkono mmoja, bomba la sindano mkono mwingine. Kila ndoo iliyojaa aliipigia dawa kabla mwenyewe hajajitwika. Ndivyo walivyoagizwa. Nilisimama nyuma ya foleni kama kawaida yangu, nikahesabu vichwa, nikamwona Mama Mkwe machoni pangu, na miguu yangu ikatoka kwenye mstari.

"Samahani, mama zangu. Naomba nitangulie."

"Una harusi?" akauliza mmoja.

"Samaki wangu wanakufa."

Kisima kizima kikacheka.

"Samaki akifa si ndiyo mboga?"

"Mwambie atuite, tuje na nyanya!"

"Kumbe ana sauti! Mimi nilijua huyu binti wa fundi cherehani ni bubu."

Masikio yaliwaka moto. Lakini yule mama aliyekuwa kwenye pampu, huku akicheka bado, alisogeza ndoo yake akanipisha. Nikapampu. Ndoo ikajaa. NyaMsiska akanyoosha sindano yake, nami nikaweka viganja vyangu viwili juu ya maji.

"Toa mikono, mwanangu."

"Naomba hii isitiwe dawa."

Hapo kicheko kikaisha. NyaMsiska alinitazama kwa macho mekundu ya mtu asiyelala. "Hapa haitoki ndoo bila dawa. Jumanne nimemzika jirani yangu. Sitaki hadithi ya samaki."

Ningekuwa yule wa Novemba ningetoa mikono.

"Dawa ni nzuri, mama. Nyumbani tunaitia, tunakunywa, na tutaendelea. Lakini sisi tunakunywa maji, samaki anayapumua. Dawa inamchoma anapopumulia. Hii haitanywewa na mtu yeyote."

"Nani atahakikisha? Ukifika njiani mtoto akaomba maji?"

"Twende wote. Njoo na chupa yako. Ukiona hata kikombe kimoja kinakwenda mdomoni kwa mtu, itie."

Nilisikia maneno yangu kama ya mtu mwingine. NyaMsiska akawatazama wanawake. Akamkabidhi mwenzake wa kujitolea sindano na chupa ya akiba. "Kila ndoo," akamwambia. "Nikirudi nikute umesahau moja, tutagombana." Akanyanyuka, akashika mshikio wa ndoo upande mmoja nami upande wa pili, tukapanda kilima karibu tukimbie.

Maji ya kisima yalikuwa baridi mno. Nikachemsha sufuria moja, nikachanganya hadi mkono wangu ukashindwa kutofautisha na ya tangi. Nikatoa maji ya tangi mpaka nusu. Najua Mjomba alisema robo, lakini sumu ilikuwa ndani. Nikamimina mapya kwa kikombe, kutoka juu, polepole. NyaMsiska alisimama na chupa yake mkononi kama alivyoahidi. Baadaye akaiweka mezani, akachukua kikombe cha pili. 

Mapezi yalianza kufunguka, ya samaki mmoja, kisha ya mwingine. Mama Mkwe alitoka kwenye kona, taya lake bado limevimba. Hakutema.

Chifu alikuwa amelala ubavu. Hakuinuka tena.

"Wanne wazima," NyaMsiska akasema. Akatazama ndoo, ilikuwa tupu. "Na hakuna aliyekunywa." Akaondoka kurudi kwenye jiwe lake.

Agogo hakuwa ametoka kwenye mkeka. "Nimemuua Chifu," alisema.

Nilikaa karibu naye. Neno "hapana" lilikuwa tayari mdomoni, lile lile la Desemba. Nikalimeza.

"Dawa ndiyo iliyomuua, Agogo, na wewe ndiye uliyeitia. Lakini mimi sikukwambia ndoo ile ni ya nini. Nilinyamaza, nikataka ujue mwenyewe."

Alinishika kidole gumba kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo. Baadaye akasema, "Basi uniambie sasa. Anza na hiyo sumu inayotoka kwenye mavi. Usinifiche kitu, mimi nimezaliwa ziwani, sitachukizwa."

15 Februari

Nimelala mpaka jua likawa juu. Karatasi: njano.

26 Februari

Kati ya mawe mawili kuna kitu kinachocheza, kidogo kuliko punje ya mchele. Kisha kingine. Agogo ametambaa mpaka kwenye kioo, pua imegusa, naye ndiye aliyeona wa tatu, wa nne, akaacha kuhesabu. "Ametema maneno yake yote," alisema. Mama aliacha nguo ya mteja kwenye cherehani ikiwa na mkono mmoja.

10 Machi

Wanakua. Mvua imepungua. Mtaa wetu haujapata mgonjwa tangu mwisho wa Februari.

28 Machi

Mjomba amefika kwa ajili ya Pasaka. Alilizunguka tangi, kisha akageuka kwangu.

"Niliacha wakubwa saba. Naona wanne."

Nilimweleza wote watatu: wa sponji, wa kondowole, wa dawa. Sikutazama miguu yangu. Nilipofika kwa wa kondowole, Agogo alikohoa na kusema, "Hiyo nieleze mimi," akaieleza vibaya zaidi kuliko nilivyotaka kuieleza mimi.

"Pasaka ikikuta wanaishi, nilisema," Mjomba akasema. "Sasa hawa watatu waliokufa niwahesabu vipi?"

Mama ndiye aliyejibu. "Uwahesabu kama karo ya shule." Alikuwa akikata uzi kwa meno, hakuinua kichwa. "Kaka, huyu mtoto alimzuia NyaMsiska mbele ya kisima kizima. Wateja wangu wote wananisimulia hadithi hiyo, kila mmoja anaongeza chumvi. Dada yangu nimeshampigia. Nimemwambia atafute mtu mwingine wa misumari."

Nilikuwa sijui. Alishapiga tangu Februari.

Tangi linabaki na Agogo. Nilipomuuliza kama ataweza, aliniuliza kama mimi nitaweza huko kwake bila yeye.

13 Aprili, Nkhata Bay

Leo nimeanza kazi ya kweli. Dereva alileta gari kutoka kwa wazamiaji wa kaskazini, limejaa samaki ndani ya mifuko mikubwa, na dereva alikuwa akipiga honi kila dakika, anataka arudishiwe vyombo vyake aondoke kabla barabara haijachafuka.

"Wamwage tu, Towera!" Mjomba akaniita kutoka upande wa pili. "Huyu bwana ana haraka!"

Nilitia mkono kwenye mfuko, kisha nikautia mkono huo huo kwenye tangi. Mfuko ulikuwa wa moto kutokana na jua la njiani, tangi lilikuwa baridi. Samaki walikuwa juu, wanapumua haraka. Vijana wote walikuwa wamesimama wakinitazama, mgeni wa kwanza wa kike mahali pale.

"Bado, Mjomba," nikasema, kwa sauti ya kufika upande wa pili. "Mifuko ielee kwanza. Kisha tutawatilia maji ya hapa kidogo kidogo."

Dereva akasema, "Huyu nani tena?"

Mjomba alinitazama, akatazama mfuko, akamgeukia dereva. "Zima injini, bwana," akamwambia. "Umesikia alivyosema."

Injini ikazimwa. Dereva akashuka, akanung'unika, akatafuta jiwe la kukalia karibu na tangi. Tukakaa wote tukiwatazama samaki, tukisubiri maji yafanane.